Geti Nimeliacha Wazi

Waleed,

Mahamri nimeyafunika, chai imo kwenye chupa. Niko Kiembeni kwa dada yangu, khalati yako.

Asubuhi nilisikia gari la marehemu kaka yako likivuta hewa pale konani kwa ule mlio wake, nikakimbilia geti kama zamani. Nikakuita Habib. Nawe ukageuza, ukaondoka bila salamu. Nisamehe, mwanangu.

~~Liuze hilo gari.~~ Usiliuze. Lakini lipeleke kwa fundi leo hii, atie breki kubwa kabla hujaongeza kitu kingine. Habib alianza na filta ya hewa, apate mlio. Breki akasema mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi hakuuona.

Geti nimeliacha wazi. Wallahi, sijui nimemwachia nani kati yenu.

Mamako