Karanga za Sururu

Mke wangu mdogo Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako mzima, ananishinda kula.

Siku hizi kila kitu ruksa, hata kusomea udongo mpaka shahada ya pili! Unauliza uwaandikie nini maprofesa wanaotaka kujua sababu yako ya kuusomea.

Nilipokwenda kijijini Zuzu kumposa bibi yako, nilikariri sifa za ukoo wetu. Baba yake akauliza, "Binti yangu unamtakia nini?" Sifa zote zikanitoka. Nikasema, "Nilipanda karanga kwenye udongo wa mfinyanzi, ukakauka, nikazichimba kwa sururu. Alinicheka mpaka akakaa chini. Nataka anicheke nyumbani kwangu."

Mzee akacheka, nikapewa mke. Nawe waandikie habari za shamba lililokushinda.

Karanga nilizokutumia ni za udongo wa kichanga. Shamba alichagua bibi yako.

Mumeo mzee,
Babu