Kompyuta ya Theo

Jumamosi, 12 Agosti 2023

Theo ameomba kitu. Tangu tumtoe hospitali baada ya ile ajali hajawahi kuomba — si nyama, si soda, si hata kutolewa nje aote jua. Leo nimempelekea uji nikamkuta amegeukia mlangoni. Kila siku hugeukia ukutani.

"Mama, nataka kompyuta."

Nikajifanya sikushtuka. Nikauliza ya nini. Ya kuhariri video za harusi. Anasema kupiga wapige wengine, yeye atakata na kuunga akiwa amekaa. Kukaa anaweza. Miguu ndiyo haina habari tena.

Nimetoka nje, nikaegemea banda la kuku, nikalia kidogo. Machozi mazuri. Asante Mungu.

Damasi aliporudi kutoka shambani Sigino nikamweleza. Akanawa mikono. Akakaa. Akasema mbaazi zimekubali mwaka huu. Basi. Kwa mume wangu hiyo ndiyo "ndiyo" yenyewe.

Jumatatu, 14 Agosti

Kumbe si lazima kununua kompyuta nzima! Theo anasema ya dukani tutakayoiweza itakuwa dhaifu. Bora tununue kifaa kimoja kimoja, aunge mwenyewe. Amenifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Prosesa ndiyo akili. Ram ni meza ya kufanyia kazi — meza ikiwa ndogo, vitu vinaanguka. SSD ni stoo. Pawa sapulai inagawa umeme, na hapo tusibane matumizi, maana umeme wa huku Nangara ukikatika hurudi kwa hasira. Mamabodi ndiyo inayovishika vyote.

Nikamwambia nimeelewa, ni kama dukani kwangu: mbegu, mbolea, dawa. Akasema, "Ndiyo, Mama. Na lazima viendane."

Prosesa ameshaileta kaka yangu Remigius kutoka Arusha. Imetumika lakini ni nzima. Theo aliigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha. Ameongea mpaka uji umepoa. Sikumkatiza.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimefika dukani kwa Mustapha, anayeuza vifaa vya kompyuta karibu na soko. Kijana mwenye adabu. Babu yake ndiye aliyekuja na biashara kutoka Pangani, wakabaki hapa. "Shikamoo, Mama Theo. Mgonjwa anaendeleaje?" Nikasema anaunda kompyuta. Akatabasamu kweli.

Mamabodi aliyoitaja Theo haikuwepo. Ilikuwepo nyingine, ina vitaa vidogo vinavyobadilika rangi. Mustapha akauliza prosesa yetu ni ya kampuni gani. Nikamjibu kwa uhakika kabisa. Nilijua ninachosema? Sikujua. Nilikuwa naangalia vile vitaa. Niliwaza chumba cha mwanangu kilivyo na giza.

Ijumaa, 18 Agosti

Imekataa. Prosesa ya kampuni moja, mamabodi ya kampuni nyingine. Haviingiliani hata kwa nyundo.

Theo akaitazama ile mamabodi. Akanitazama mimi. "Mama, umeninunulia disko."

Halafu akacheka. Kicheko chake kilekile, cha kupanda juu mwishoni. Damasi alikuwa anapita na jembe begani. Akasimama nje ya mlango, hakuingia. Nadhani aliogopa kukikatiza.

Baadaye Theo akanieleza nikamwambie nini Mustapha. Nikarudia. Nikakosea. Akaeleza tena, nikachanganya tena. Mwisho akakunja blanketi.

"Nitaenda mwenyewe."

Nikatoka kuwapa kuku pumba. Niliogopa neno lolote langu lingemgeuza tena ukutani.

Jumamosi, 19 Agosti

Amekwenda.

Bajaji mpaka dukani, vizuri. Lakini mlango wa Mustapha una ngazi, na kiti cha magurudumu hakipandi. Watu wakasimama kuangalia. Theo akaanza kusema turudi nyumbani. Damasi akamgeuzia mgongo, akachuchumaa. "Panda." Mwanamume mzima mgongoni kwa baba yake, mbele ya soko. Nilitazama chini mpaka wakaingia.

Mungu ambariki Mustapha. Hakusema pole hata moja. Alimvutia kiti, akaanza kubishana naye. Mamabodi alibadilisha bila manung'uniko, maana ilikuwa haijatumika. Kwenye ram wakavutana: Mustapha anataka moja kubwa, nafasi ibaki ya kuongeza. Theo anataka mbili ndogo za kufanya kazi pamoja. Akashinda Theo. Kasha la kuvifungia vifaa akachagua baya kuliko yote, jeusi, lina matundu kama chujio. Anasema linapumua.

Mustapha akauliza, "Na kadi ya picha? Kwa kuhariri, hiyo prosesa itakubeba. Lakini kwa gemu utateseka, kaka."

"Kadi ipo. Inatoka Dodoma."

Nikauliza kwa nani. Theo akashika skrubu, akaiviringisha kwenye vidole.

"Kwa Heriel."

Jumapili, 20 Agosti

Misa nimekwenda. Mahubiri sikuyasikia.

Heriel ndiye aliyekuwa anaendesha ile pikipiki. Walikuwa wanatoka kupiga video ya harusi Dareda, Theo nyuma amekumbatia kamera. Heriel alivunjika mkono tu. Mkono ukaunga, akaenda Dodoma kutafuta kazi. Alipokuja hospitali kumwona mwenzake nilimfukuza, mbele ya manesi.

Kumbe muda wote huu wanaongea kwenye simu. Video ni kweli Theo anataka kuhariri. Lakini anataka na gemu — mmoja Dodoma, mmoja hapa, wacheze pamoja kama walivyocheza sekondari. Heriel amepata kadi mpya, ile ya zamani anampa Theo. Anaomba aje nayo mwenyewe.

"Nimemwambia nitamuuliza Mama," Theo amesema.

Nimechukua vyombo nikaenda kuviosha.

Jumatano, 23 Agosti

Imewaka!

Theo ameunga tangu asubuhi, mezani, Damasi akimmulikia tochi ndani ya kasha. Ikavuma kidogo, TV yetu iliyogeuzwa kioo chake ikaja na maandishi. Mchana akaunga video yake ya kwanza, iliyopigwa kwa simu yangu: kuku wangu wakigombania pumba, wamewekewa muziki wa harusi. Damasi ameiangalia, akaomba irudiwe.

Kuhusu Heriel hajaniuliza tena. Ananisubiri kwa adabu, na hilo linaniuma kuliko kama angenigombeza.

Jioni nikamuuliza Damasi anaonaje. Akaweka tochi chini.

"Daktari alisema aliyemshika shingo asitikisike ndiye aliyemwokoa."

"Nani alimshika?"

"Unajua, Mama Theo."

Najua. Heriel alimshika kwa mkono mmoja uliobaki mzima mpaka gari likapatikana. Nimelijua tangu siku ile. Sikulitaka tu.

Ijumaa, 25 Agosti

Nimemwambia Theo, aje. Akasema, "Asante, Mama." Akaomba wembe, akanyoa ndevu.

Jumamosi, 26 Agosti

Nimechinja jogoo. Damasi ameenda stendi kumpokea. Nimepanga maneno ya kusema nikayapangua, yote yanatoka kama ya kwenye kikao. Nataka kumshukuru. Nataka pia kumuuliza alikuwa anakimbilia nini siku ile. Sijui kipi kitatangulia nikifungua mdomo.

Bajaji imesimama nje. Theo amejisukuma mwenyewe mpaka mlangoni. Niko jikoni na daftari langu, nawasikia. Wanacheka, halafu mmoja anavuta kamasi. Theo anamwambia aingie. Heriel anasema hapana, atangoja Mama amkaribishe.

Sufuria nimeshaipua. Mikono nimeshaifuta. Bado yuko nje, na mimi bado naandika.