Hana Hana Virusi

S.L.P. 8842,
Majengo,
Dodoma.
16 Juni 2009

Mpendwa mdogo wangu Hana,

Shikamoo yako uliyoniachia kwenye meseji nimeipokea, marahaba. Je, hujambo? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Mimi mzima, na Kefa shemeji yako mguu umepona, amerudi kazini. Upepo wa Juni umeshaanza. Vumbi linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi, na asubuhi tunavaa makoti utadhani na sisi tuko Uingereza. Huko kijijini kwetu Zuzu mtama si haba mwaka huu, na Mama alikuja kwangu na kiroba kizima mgongoni, akakataa kusaidiwa, unamjua.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Mwenye laptopu ya kupewa na mdogo wake anahangaika na kalamu na stempu! Cheka tu. Lakini hili nililonalo si la simu ya kukatikakatika. Umeniuliza zaidi ya mara moja Mama alikuwa na nini Jumapili, mbona alikusimamisha mbele ya kamera akakugeuza huku na huku kama ndama wa mnadani. Vuta kiti basi, nikusimulie.

Tangu ulipotutumia hii laptopu, Mama hajawahi kuiita laptopu. Yeye anaiita Hana, kwa sababu humo ndimo unamotokea. Akilala kwangu, akiamka anaisalimu kwa Kigogo, "mbukwa," hata ikiwa imezimwa, halafu anaifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, isipigwe na vumbi. Nasi tukazoea. Kefa akirudi kutoka kazini anauliza kama Hana ana chaji, namjibu Hana hana chaji, tunacheka. Kila siku utani ule ule, na kila siku tunacheka.

Baada ya Pasaka mtandao ukaanza kunyong'onyea. Nikadhani salio limekwisha, nikaongeza vocha, wapi. Nikachomoa modemu nikaichomeka tundu la upande wa pili, wapi. Nikatoka na laptopu uani nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, kijitaa cha modemu kikawaka vizuri, nikashangilia, kisha kikazimika. Majirani walikuwa wanachungulia juu ya ua kuona mke wa Kefa anaabudu nini.

Wewe nawe ukawa unatujia umeganda. Jicho moja limefumba, mashavu yamekatikakatika vipande, sauti inavutika kama ya mtu anayesemea kitandani. Siku moja ukakohoa, kisha ukapotea kabisa. Mama akabaki anakitazama kioo cheusi. Mimi nililaani mtandao nikaenda zangu jikoni, sikumwangalia usoni.

Ndipo nikamwita Yahaya, yule kijana mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta jirani na stoo yangu ya karanga. Akaichukua akashinda nayo. Jioni alipita hapa akiwahi sala, akasimama mlangoni, maana naye tumeshamwambukiza lugha yetu, akasema: "Da Penina, Hana amejaa virusi. Ndiyo maana anajikokota hivi. Anavyo siku nyingi, ila hamkujua."

Nami nikajibu kwa mdomo wangu huu: "Nilihisi. Tafadhali usimwambie mtu."

Niliona aibu, mwenzangu. Nilikuwa nimechomeka flashi ya nyimbo za kwaya niliyoazimwa kanisani, na Kefa alishanionya kwamba flashi ile imezunguka kila kompyuta ya mjini. Hiyo ndiyo siri niliyotaka Yahaya anifichie. Mama alikuwa nyuma yangu anapepeta mtama. Ungo ukanyamaza. Nilisikia ukinyamaza, nikadhani amemaliza.

Sasa fikiri kama Mama anavyofikiri. Kiswahili alikikuta ukubwani, na maneno yake anayashika moja moja, kila moja mahali pake. Mashine inaishiwa chaji. Mashine inakwama. Lakini virusi ni vya watu. Alivisikia kwenye semina ya kanisani, akavisikia redioni, na alivijua nyumbani mwake bila kuambiwa, kwa kaka yetu Nathanaeli. Na sisi, ugonjwa wa Nathanaeli tulimwambia Mama ni kifua, mpaka tunatoka makaburini tunasema kifua.

Akaacha kula. Nikampikia mlenda, akaugusa gusa akausogeza. Akaniuliza kama huko Uingereza dawa zinapatikana. Nikamwambia Mama, Uingereza hawakosi dawa, nikidhani anaulizia za macho yake. Akaniuliza kama wazungu wanakubali kukaa meza moja na mgonjwa. Nikasema sijui, nikaendelea kupima karanga. Kisha akaaga, anakwenda Zuzu, ana kazi nyumbani. Aliporudi mikono ilikuwa imechubuka, na sikumuuliza ni kazi gani.

Usiku ule alishindwa kuvumilia. Akaniambia, "Penina, mwanangu amekonda tangu lini?"

Nilipoelewa, nilicheka, Mungu anisamehe, nikadhani na yeye atacheka. Nikamweleza: Mama, Hana hana virusi. Mwenye virusi ni Hana. Nikajisikia nilivyosema, nikajaribu tena, nikazidi kuivuruga. Akanitazama tu, akasema kwa Kigogo, polepole, kwamba wa kwanza tulimficha, na wa pili tunamficha kwa kucheka. Hana, sijawahi kupigwa na maneno namna ile. Maana la Nathanaeli ni kweli.

Nikamwambia nitakupigia simu umwambie mwenyewe. Akakataa. Nathanaeli naye alikuwa akisema mimi mzima Mama, kila siku. Alitaka akuone kwa macho yake, si kile kivuli kilichoganda. Kumbe mtandao niliokuwa nautafuta kwa ajili ya gumzo, sasa ndio ulikuwa roho ya Mama.

Nikamshikia Yahaya bango. Virusi alishavitoa, na bado picha ilikuwa inasuasua. Akaja nyumbani akakuta kuna programu zinajisasisha kimyakimya na kula kasi yote, akazizima. Akatazama bati letu na kuta zetu nene, akaniambia modemu haisikii vizuri humu ndani, akaifungia waya mrefu akaining'iniza nje ya dirisha, ndani ya kifuko cha nailoni kwa ajili ya vumbi. Akashauri tukupigie Jumapili asubuhi, watu wakiwa makanisani, maana jioni mji mzima unagombea njia moja. Nikakosa ibada. Mchungaji akiniuliza nitamjibu.

Basi ndiyo ile Jumapili. Ukatokea, umetulia, mdomo na sauti vinakwenda pamoja. Mama akakusimamisha, akakugeuza. Akakwambia utoe ulimi, nawe ukautoa ukicheka kama mtoto. Wewe ulidhani utani. Yeye alikuwa anatafuta ule utando mweupe aliouona kinywani mwa Nathanaeli. Alipoona ulimi mwekundu, safi, ndipo akafunika uso kwa khanga, na ndipo ulipoanza kuuliza, "Mama unalia nini?" Alikuwa anashukuru. Mchana alikula ugali wa watu wawili.

Kefa anakusalimu, anasema ukipata muda umtumie kitabu cha injini za dizeli. Mama mkubwa Emilia naye anakusalimu sana, bado anauliza kama huko unapata mboga. Yahaya anasema usimwazime dada yako flashi.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Jana nilimsindikiza Mama Zuzu. Unakikumbuka kile chumba cha uani alimolala Nathanaeli peke yake, na kikombe chake peke yake, kwa sababu tuliogopa, na Mama akaogopa kuliko sisi sote. Kilikuwa hakijafunguliwa tangu msiba. Nimekikuta kimefagiliwa, kimekandikwa upya ukuta mzima kwa mikono yake. Amekutandikia kitanda humo. Na kitanda chake yeye amekitoa nyumba kubwa, sijui alikiburuta vipi, amekiweka ubavuni pa chako, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono usiku unamgusa.

Nikamwambia Mama, sasa kitanda chako tukirudishe, Hana si mgonjwa, umemwona. Akakaa juu yake. Akaniambia niache, hata mzima anahitaji kulala karibu na mama yake.

Omba likizo, mdogo wangu. Njoo ulale. Mungu wa baba zetu akulinde katika baridi hiyo na akuonyeshe njia ya nyumbani.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Penina