Tala iliyosuguliwa kwa ndimu

Jumamosi, 14 Julai 2018. Asubuhi baridi kali, kipupwe cha huku kusini mwa Afrika; nyasi za uani nyeupe kwa barafu.

Bado inaniuma. Niliporudi kutoka Fordsburg kununua viungo, nilimkuta Mama jikoni na tala yangu ya Saksonia, sarafu ya fedha ya Kijerumani iliyo kongwe kuliko zote nilizokusanya. Ameisugua kwa ndimu na majivu, kama bangili za bibi harusi kwetu Tanga. Weusi wa karne nne umetoka wote. Sisi wakusanyaji tunaupenda weusi ule, na ukishatoka haurudi.

"Mwanangu, mbona umeiacha ichakae hivi?"

Nikafungua mdomo nimgombeze. Akaisogeza karibu na jicho lililotolewa mtoto wa jicho wiki iliyopita. "Kumbe humu mna mzee! Ana ndevu, na upanga begani. Huyu anamvizia mwizi!" Akacheka mpaka akakohoa.

Mwezi uliopita nilimpa sarafu hiyohiyo aitazame. Aliipapasa tu kwa kidole gumba, akasema nzuri.

"Asante, Mama," nikasema.

Nyingine nimezifungia kabatini. Hiyo nimemwachia, aendelee kumtazama mzee wake.

Saa sita kasorobo usiku. Nazima taa.