Mkono wa Kumi na Moja

3 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Unaendeleaje? Mimi mzima, ni mafua tu yanayozunguka bweni zima kama zamu ya kufagia.

Mwaka huu sisi kidato cha tatu tunachangisha kwa ajili ya wagonjwa wa kliniki ya macho, wale wasio na mtu wa kuwatunza. Jumamosi tuliosha magari nje ya geti mpaka vidole vikakunjamana. Jumapili walimu walicheza mpira na wanafunzi kwa kiingilio. Mwalimu wa hesabu aliteleza akakaa kwenye tope, watu wakataka kulipa tena ili arudie. Mimi ndiye katibu, kila kitu nakiandika mimi.

Mbona barua yako iliyopita si mwandiko wako? Na mbona siku hizi anwani ni ya duka la mayai?

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, nakula na kulala. Sindano ya cherehani ilinipitia kidole gumba, kalamu haishikiki. Anayeniandikia ni jirani, mama muuza mayai. Hapa ananiambia nipunguze kasi, kalamu yake si cherehani. Barua zipitie kwake, hazitapotea.

Likizo fupi ya Aprili usije, chumba nakipaka rangi.

Hayo ya kuchangisha yaendeleze. Kutoa ni moyo. Ila mkifika kwa hao wagonjwa, kaeni muongee nao. Mtu anayesaidiwa huchoka kushukuru. Mwacheni na yeye awaulize hali.

Baba yako

22 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Mafua yaliisha?

Kidole hakikuwa na kitu. Macho ndiyo yameondoka. Ni presha ya macho, na nilichelewa kwenda kutibiwa. Cherehani nimeifunika. Chumba cha zamani nilikiacha, nikahamia huku nyuma ya duka la mayai. Nilipanga kukwambia ukimaliza mitihani.

Jumamosi walikuja wanafunzi. Kliniki iliniambia watakuja watu wa msaada, haikusema ni akina nani. Mwalimu alipotaja shule yenu, walikuwa wameshaingia.

Walinipa mikono mmoja mmoja. "Shikamoo mzee." "Shikamoo babu." Huyo wa babu nusura nimwulize tangu lini nimemzaa mama yake. Salamu zilikuwa kumi. Mikono ilikuwa kumi na mmoja. Ule wa mwisho haukusema kitu. Ulipojivuta, kidole changu kilipita juu ya kifungo cha mkono wa shati. Mimi ndiye niliyekishona, uzi mara mbili, maana wewe ulikuwa na tabia ya kung'ata vifungo.

Mwalimu akaniuliza, "Mzee, una watoto?"

Nikasema, "Sina."

Nilisema hivyo wenzako wasikugeukie wakakutazama. Nakuomba ulichukue neno hilo hivyo, si vingine.

Baba yako

20 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mama muuza mayai anapita posta kila Jumatatu. Anasema labda ni mitihani. Nami nimemwambia ndiyo, ni mitihani.

Baba yako

9 Juni

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mitihani nimeifanya yote.

Mama, wewe unayesoma, shikamoo. Tafadhali msomee yote, usiruke.

Baba, niliiona cherehani kabla sijakuona wewe. Ilikuwa chini ya lile shuka la kijani. Nilikuwa nimebeba katoni ya sabuni. Nilisubiri nihisi kitu, nikajikuta nasoma maandishi ya katoni: weka mahali pakavu. Nikayasoma tena. Mpaka zamu yangu ya kukupa mkono ikafika.

Uliposema huna mtoto, mwenzangu aliniinamia sikioni akasema, "Masikini." Nikamjibu, "Kweli."

Jumatatu yake nilisoma ripoti mbele ya shule nzima, maana ndiyo kazi ya katibu. Niliandika: mzee mmoja, fundi cherehani, hana mtoto. Walipiga makofi. Nikakunja karatasi nikaenda kupanga foleni ya chakula. Sijalia, baba. Nilijifungia bafuni nikajaribu, hakikuja kitu. Barua yako niliipata mapema. Nimekaa nayo chini ya godoro, kila jioni nachukua kalamu, naandika "Shikamoo", naishia hapo.

Shule inafungwa Ijumaa. Leo mwalimu alipita na daftari akiuliza kila mmoja anakwenda kwa nani. Nikamwambia, "Nakwenda kwa baba. Ni yule fundi."

Kalamu yake ikabaki juu ya daftari. Wenzangu wakageuka. Kisha akaniuliza kwa upole, "Alianza lini kutoona?"

Nikamwambia nitakuuliza wewe.

Lini, baba?

Mwanao