Kitufe cha Sitaki

Mkomaindo, Masasi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku mimi na mume wangu Alfredi tu wazima. Wasiwasi wetu ni goti lako na kifua cha Baba. Mikorosho ya Makote imeshatoa maua? Usinilaumu kwa kuandika badala ya kupiga. Simu yako unaiweka sauti ya juu, majirani wote wanasikia, na haya ni yako kwanza.

Mama, leo acha nijisifu. Ile programu ya simu ya kuwaitia wajawazito gari la hospitali, maneno yake nayaandika mimi. Mjamzito akiwa njiani, muuguzi wa zamu anaona alipo, hata programu ikiwa imefungwa na simu iko mkobani. Ila lazima mwenyewe aruhusu kwanza. Mwanzoni mkuu wetu, Gerson, aliandika kwamba tunahitaji kujua mahali ulipo wakati wote ili kuboresha huduma. Basi! Tulipokwenda kuijaribu kijijini Lupaso, kina mama wote wakabonyeza Ruhusu, Gerson akachekelea. Mimi sikuamini, maana nawajua watu wetu: mgeni hakataliwi usoni. Kweli, tulipoondoka tu, wengi wakaifuta programu. Walisema inawachunguza na kuwapelekea waume habari.

Nilibishana na Gerson mpaka akachoka. Nikaandika upya: tunaomba kuona ulipo hata ukiwa umeifunga programu, ila ni tangu ubonyeze Naondoka mpaka ubonyeze Nimefika, wanaoona ni muuguzi na dereva, mumeo haoni; ukikataa, gari utapata vilevile, utatuelekeza kwa kupiga simu. Chini nikaweka kitufe cha Sitaki, kikubwa sawasawa na cha Ruhusu. Gerson akasema nimeharibu kazi.

Tuliporudi Lupaso, mjamzito mmoja, Stamili, aliyasoma yote kwa sauti, kisha akabonyeza Sitaki mbele ya wageni, mchana kweupe! Gerson alinuna. Mimi nusura nicheze. Baadaye Stamili mwenyewe, bila kuombwa na mtu, akabadili akaruhusu. Siku uchungu ulipomshika, gari likakwama topeni. Dereva yuko chini anasukuma, Stamili hajiwezi hata kushika simu. Muuguzi akaona safari imesimama, akatuma gari jingine. Amejifungua salama, mtoto wa kike. Sasa Gerson anawaambia wageni kwamba maneno yale ni yetu. Yetu, eti!

Sasa lile lililonishikisha kalamu. Juzi niliifungua programu ile kwenye simu yangu, na haikuwa kwa ajili ya kazi. Nilisoma maneno yangu mwenyewe pole pole, neno kwa neno, kisha nikaruhusu. Ndiyo, Mama. Nina mimba, utaitwa bibi! Alfredi ameridhia nije kwako kungojea siku ya kujifungua; gari litanifuata hapo hapo.

Nisalimie wanakwaya na wote wanaoniulizia. Ruhusa ya kumwambia Baba unayo kuanzia sasa. Shangazi Anjelina, bado: sitaki.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Oliva