Viganja Ukutani

Mombasa, Jumatano, 14 Mei

Mama,

Leo nilitoka Mji wa Kale hadi Kilifi, kwenye gofu la kiwanda mlichobangulia korosho. Ukuta mliopangusia mikono yenye mafuta ya maganda ungali na alama nyeusi za viganja, nao unabomolewa kesho. Nilitaka kukiona chako.

Sikukitambua. Arubaini yako haijafika, na tayari nimesahau ukubwa wa mkono wako.

"Chagua kimoja tu, dada," mlinzi akaniambia. "Cha mamangu pia sikijui. Mie nimejichagulia kile pale, kila asubuhi nakiamkia."

Sikuchagua. Niliogopa kumlilia mama wa mwengine.

Nakusahau kidogo kidogo, Mama. Wewe nikumbuke.